Ukingo wa Hati ya Sewali

Sitaki mtu aniambie kwamba ningekaa kwanza nikafikiri. Wanaosema hivyo ni wale ambao hawajawahi kubaki peke yao na mtoto mgonjwa, na mimi nikiwasikia mkono unaniwasha. Basi nitaeleza mwenyewe tangu mwanzo, maana hapa Oxmere kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na wote wanatia chumvi.

Jina langu ni Hawisa. Baba yangu, Sewali, alizaliwa mtumwa wa shamba la watawa, kama babu yake na babu wa babu yake. Siku tatu kila juma analima kwao, na hawezi kuozesha binti wala kuvuka mto bila kuomba ruhusa. Nilipokuwa na miaka saba nyumba ya watawa ilishika moto, na baba akamtoa mkuu wao ndani akimburura kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Mkuu alipopona kikohozi na manundu akampa baba uungwana, yeye na kizazi chake chote. Uungwana wenyewe ukaandikwa kwenye ngozi ya kondoo, na mimi nilikuwepo.

Aliyeandika ni Bruda Odo, wakati huo kijana mwenye chunusi. Aliandika maneno yaleyale mara mbili kwenye ngozi moja, juu na chini. Katikati aliacha nafasi, na kwenye nafasi ile akaandika kwa herufi nene salamu ya Bikira Maria. Halafu akachukua kisu akaikata ngozi palepale, juu ya herufi, si kwa kunyoosha bali kwa kupindapinda, akipanda na kushuka, ili nusu ya kila herufi ibaki huku na nusu ibaki kule. Kipande kimoja kikaingia sandukuni kwa watawa, kingine akapewa baba. Siku ukibishiwa, unaleta chako nao wanaleta chao, vinalazwa mezani ukingo kwa ukingo. Vikikutana, herufi zikaungana, wewe ni mwungwana. Visipokutana, umebeba ngozi tu. Kwetu hakuna aliyejua kusoma, na wala hakuna aliyejali. Sisi tulichojua ni ukingo.

Baba alipokufa hati ikaja kwangu, maana ndugu zangu wote walitangulia. Niliiweka sandukuni ndani ya kitambaa cha kitani, chini ya shuka za baridi.

Sasa, Jumamosi moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, msimamizi mpya wa mashamba ya watawa, Bwana Fulko, alimtuma mtu kupita nyumba kwa nyumba. Kila anayejiita mwungwana alete hati yake barazani siku ya Jumanne, ilinganishwe na ya watawa. Asiye na hati inayokutana atarudi kulima. Na binti yangu Emelota, wa miaka kumi na tisa, alikuwa aolewe Jumapili ya pili yake na Piers, mtoto wa Hamo wa kile kinu cha maji ng'ambo ya mto. Hamo mwenyewe alikuwa kwetu siku hiyo, ameketi kwenye kiti changu anakula jibini yetu.

"Mimi sina neno na nyinyi, wakwe zangu," alisema. "Ila kwa desturi ya hili shamba mtoto hufuata mama. Binti yenu akionekana mtumwa, wajukuu wangu watakuwa mali ya watawa, na mimi sisagi unga miaka thelathini ili nizae watumwa wa watu. Hati ikikutana Jumanne, Jumapili tunakwenda kanisani. Isipokutana, tutabaki majirani wazuri."

"Itakutana," alisema mume wangu. Mume wangu ni Thurstani, mwezekaji wa mapaa, mtu wa kaskazini aliyezaliwa mwungwana. Ni mpole mpaka anaudhi. "Ipo sandukuni, imefungwa vizuri. Miaka yote hii hakuna aliyeigusa. Si ndiyo, mama Emelota?"

"Ndiyo," nikasema. Nikainuka nikaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Ukingo haukuwepo. Nilikuwa nimeukata mimi, kwa mkono wangu, Emelota akiwa na miezi minane.

Ilikuwa kipupwe. Thurstani alikuwa kijiji cha tatu anaezeka ghala la mtu. Mtoto alishikwa na homa Alhamisi, Ijumaa akaanza kukakamaa, macho yanageuka yote meupe, mikono imekunjana. Padri alikuwa safarini na kitabu chake cha misa alikifungia. Jirani yangu Wimarka, mpishi wa pombe ya shayiri, aliyewahi kuzika watoto wanne na kukuza mmoja, alikuja akamtazama akasema mtoto huyu hana dawa ila jina la Bikira. Si la kutamkwa, la kuandikwa. Likwanguliwe liingie maji, mtoto anywe. Kwetu hilo si jambo geni. Watawa wenyewe ng'ombe wao wakiugua huwakwangulia kurasa za vitabu vya zamani.

"Nani ana maandishi?" aliniuliza.

Katika nyumba zote za jirani, maandishi yalikuwa sandukuni kwangu tu.

Nikaichukua hati, nikachukua kisu cha Thurstani cha kukatia matete, nikakata ule ukingo wote wenye salamu, ukanda wa upana wa kidole. Nikakwangua wino ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka yakawa kahawia kama maji ya mfereji. Wimarka alimbana pua, nikamnywesha. Jumapili asubuhi Emelota aliomba titi. Ukanda wenyewe niliuacha ukutani umelowa, mbwa akaula.

Thurstani aliporudi alimkuta mtoto anatambaa. Nikasema nitamwambia kesho. Hiyo kesho imechukua miaka kumi na minane.

Basi Jumapili ile, kesho yake baada ya Hamo kuja, sikusikia misa. Padri anasema lake, mimi naangalia migongo ya watu. Tulipotoka nilimfuata Wimarka nyuma ya nyumba yake, kwenye mapipa. Nilikuwa nazunguka pipa moja huku na huku mpaka akanishika nguo.

"Tulia, shoga. Unanitia kizunguzungu na mimi nimeanza mapema leo."

"Jumanne, Wimarka. Keshokutwa."

"Mwambie mumeo."

"Nimwambie nini? Kwamba kila akijigamba kwa watu kuwa mkewe ana hati, anajigamba kwa kitambaa?"

"Basi sema panya." Alichota pombe akanipa, nikaishika bila kunywa. "Panya wanakula ngozi. Nani atabisha? Wamekula kiatu cha padri, kushoto na kulia."

"Nilikata kwa kisu. Imenyooka. Panya gani anakata kunyooka?"

Wimarka alinitazama kinywani, akanywa yeye, akanyamaza. Yeye ni mtu wa kusema kila kitu, kwa hiyo nilielewa.

Nilirudi nyumbani. Thurstani na Emelota walikuwa wameenda kuangalia kinu. Nikaitoa hati, nikaenda nyuma ya zizi la nguruwe, nikachuchumaa mchana kweupe na kuanza kuitafuna. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na saba. Ngozi ya miaka arobaini ni ngumu kama ulimi wa kiatu, ina ladha ya chokaa na moshi. Nilikuwa nauma kidogo natema, nauma kidogo natema, nikisikia hatua nasimama nikijifanya nawaita nguruwe. Taya liliniuma mpaka jioni. Nilipomaliza niliiangalia na kweli ilionekana imeliwa. Nilifurahi, na kwa kufurahi vile nikajichukia.

Jumatatu asubuhi nilifungua sanduku mbele ya Thurstani nikapiga ukelele. Najua kupiga ukelele, nimezaliwa hapa.

Thurstani aliishika hati kwa mikono miwili. Aliketi nayo kitandani, akaigeuza huku na huku. Halafu akaiweka chini taratibu, akaenda kuchukua udongo na nyasi, akaanza kuziba matundu ya panya. Alizunguka nyumba nzima kwa magoti. Kila tundu alilipata, mengine sijawahi kuyaona miaka yote ninayofagia. Mimi nilikuwa nampitia juu nikienda kuchungulia barabarani, nikirudi, nikienda. Uji wa njegere ukaungua chunguni. Nikapika mwingine, nao ukaungua.

Emelota aliichukua hati akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Aliangalia ukingo, akapitisha kidole juu yake, akaniangalia.

"Panya huyu ana mdomo mpana," alisema.

"Kachote maji," nikamwambia.

"Ndoo zimejaa, mama."

Usiku ule wote watatu tulijifanya tumelala.

Baraza lilikaa kwenye ghala kubwa la watawa, watu wamesimama juu ya makapi. Bwana Fulko alikuwa mezani, mtu mwembamba, nguo safi kupita kiasi. Pembeni yake alikaa Bruda Odo na sanduku la hati, sasa mzee, chunusi zimeisha na nywele pia. Upande mmoja walisimama majirani kumi na wawili walioapishwa kusema wanayoyajua. Hamo alikuwa mlangoni na kofia mkononi, Piers nyuma yake anaangalia viatu.

Waliotangulia ni ndugu wawili, watoto wa mfinyanzi, Ailwardi na Osberni. Hati yao ilikuwa imechanwachanwa. Mkubwa, Ailwardi, aliwahi kulewa akagombana na mdogo wake, akasema bora tukose wote, akaupasua ukingo kwa shoka. Kijiji kizima kilijua, wala yeye hakukana.

Bwana Fulko alifikiri kidogo. "Anayekata hati kwa mkono wake, akijua ni hati, amekana uungwana wake mwenyewe," alisema. "Ailwardi, umerudi shambani. Osberni hakukata. Maneno yaliyobaki ni sawa na ya watawa, na majirani wameapa kwamba waliiona ikiwa nzima. Atabaki alivyo." Bruda Odo akaandika. Ailwardi aliondoka akicheka kama mtu aliyepigwa kichwani.

Mimi wakati huo sikusikiliza kwa akili. Nilikuwa najirudiarudia moyoni, panya, panya, panya.

Tukaitwa. Thurstani alisema kwa niaba yetu, maana ndivyo inavyokuwa kwa mume na mke, na alisema vizuri kwa sababu aliamini kila neno. Alieleza sanduku, alieleza kitambaa, alieleza matundu aliyoyaziba. Mtu mwaminifu kama yule anapobeba uongo wako, unatamani ardhi ipasuke.

Bruda Odo alilaza kipande cha watawa mezani, akakisogeza chetu karibu. Ukingo wa watawa ulipanda na kushuka, herufi zimekatwa viuno. Wetu ulikuwa hauna kitu. Katikati palibaki pengo.

"Panya hajakana chochote," alisema Bwana Fulko. "Panya ni uzembe. Nyumba isiyoweza kutunza hati haina hati, wote waliomo. Mama na binti warudi shambani."

Emelota alisimama wima, rangi imemtoka. Kule mlangoni Hamo alivaa kofia yake. Niliiona kofia ile ikipanda kichwani nikajua arusi imekwisha.

"Si panya," nikasema. "Ni mimi."

Watu wakageuka. Thurstani akanishika mkono akidhani nimepagawa. Nikautoa.

"Bwana, niliukata mimi kwa kisu. Huyu hajui. Jana ndiyo ameambiwa panya, na aliyemwambia ni mimi."

Bwana Fulko alitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri. "Mama, umesikia hukumu ya wale ndugu. Umeona mwenye kukata anapotea peke yake. Ghafla panya amegeuka mtu. Mimi si mtoto."

"Mwombe Bruda aitazame."

Bruda Odo aliipeleka hati dirishani. Alikunja macho, akaigeuza, akairudisha karibu na pua. Ghala lote likawa linamtazama.

"Hapa kwenye pembe kuna mkato wa kisu, bado upo," alisema. "Umenyooka. Halafu juu yake pametafunwa, na haya ni meno ya mtu. Panya mwenye kinywa hiki angekuwa ameshatula sote." Alinigeukia. "Wewe dada, uliitafuna?"

"Juzi. Nyuma ya zizi la nguruwe."

Walicheka. Walicheka mpaka kuku wakaruka kwenye boriti. Hata wale kumi na wawili walioapishwa walikuwa wanajifuta macho. Nilisimama nikawaacha wacheke, nikiwahesabu mmoja mmoja, na hadi leo nawajua.

"Na ulikata kwa nini?" aliuliza Bwana Fulko. Yeye hakucheka.

Nikamwambia. Nilisema kila kitu, homa, macho meupe, bakuli, wino, na mbwa. Nilikuwa namjibu yeye lakini nilikuwa nasikia pumzi ya Thurstani pembeni yangu. Kicheko kilikuwa kimekatika. Nusu ya wanawake waliokuwa mle wamewahi kutafuta maandishi na kukosa.

"Nani shahidi?"

Kumtaja Wimarka ni kumsimamisha mlangoni mwa kanisa na mshumaa Jumapili tatu, kwa sababu ya kutibu kwa maneno ya sala bila padri. Sikumtaja. Lakini makapi yalisikika yakikanyagwa nyuma, na huyo anakuja, anaburuta mguu wake mbaya.

"Mimi," alisema Wimarka. "Mimi ndiye niliyemwambia, na mimi ndiye niliyembana mtoto pua. Na hayo ya panya pia ni yangu. Kutafuna tu ndiko kulikuwa kwake."

"Umekwisha?"

"Nimekwisha, bwana. Nina pombe motoni."

Bwana Fulko aliitazama kalamu ya Bruda Odo. Alijua alichokisema saa moja nyuma kwa watoto wa mfinyanzi, na Bruda Odo alikuwa ameshakiandika. Wale kumi na wawili waliulizwa, wakaapa kwamba Sewali alipewa uungwana yeye na kizazi chake, na kwamba wazee wao waliiona hati nzima. Yakabaki mambo kati yangu na Bwana Fulko. Aliinama mbele mezani.

"Swali moja, mama. Yule Ailwardi alijua anachokata. Wewe ulikuwa na mtoto anakufa, mjinga wa herufi, umechanganyikiwa. Nikisema hukujua unachokata, huo nao ni uzembe, na uzembe nimeshauhukumu. Basi niambie. Ulijua kwamba ukiukata huo ukingo, uungwana umekatika?"

Alikuwa amenifungulia mlango, mwenyewe akijua unakoelekea. Niseme sikujua, nitatoka mle nikiwa mama aliyechanganyikiwa, watu watanihurumia, na Emelota atatoka nyuma yangu akiwa mtumwa. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ananitazama kama anayenisikiliza kwa mara ya kwanza.

"Nilijua," nikasema.

"Rudia."

"Nilijua, bwana. Nilijua ni uungwana nikaukata."

Akamwambia Bruda Odo aandike. Hawisa binti Sewali amekana uungwana wake kwa mkono wake na kwa mdomo wake, amerudi shambani. Emelota hakukata, atabaki alivyo, na apewe hati mpya yenye jina lake. Bruda akakata ngozi nyingine palepale, kwa kupindapinda vilevile. Hamo alivua kofia. Alikuja akampa Emelota mkono, akamwita mwanangu, na mimi akaniinamia kichwa kwa mbali kama unavyomwinamia mtu mwenye ukoma.

Tulirudi nyumbani watatu. Thurstani aliketi mlangoni akaanza kunoa kisu chake cha matete, na kisu kilikuwa kikali tayari. Nilipita mbele yake nikaingia, nikatoka, nikaingia.

"Mama Emelota," alisema mwisho. "Jana nimeziba matundu kumi na manne."

"Najua."

"Ungeniambia basi kabla ya la kumi."

Sikujua kama anatania. Nilimtazama, nikaona machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Nikaketi chini karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi miguu yangu ikatulia. Haikuchukua muda. Nilikumbuka kinu kiko ng'ambo, nikainuka tena.

Maana hilo ndilo sikuwa nimelipigia hesabu pale barazani. Ardhi ya watawa inaishia katikati ya daraja, kwenye jiwe. Mtumwa wa shamba havuki jiwe lile bila ruhusa ya msimamizi, na Bwana Fulko alikuwa na hasira na mimi, hasira ya mtu aliyefungwa kwa kauli yake mwenyewe. Thurstani alienda kumwomba Ijumaa. Alirudi akatikisa kichwa.

Jumapili walifunga ndoa mlangoni mwa kanisa letu. Emelota alivaa gauni langu la kijani, limepunguzwa kiunoni, kwa maana mimi ni mnene. Wimarka alikuwa pembeni na mshumaa wake wa adhabu, anawakonyeza wapita njia, na pombe ya arusi alikuwa ameipika yeye. Padri aliposema neno la mwisho, filimbi zikaanza na watu wakashika njia ya mtoni kwenda kinuni, ambako meza zilikuwa zimeshapangwa.

Nilikwenda nao mpaka darajani. Nilikwenda mpaka kwenye jiwe, na hapo nikasimama, na watu wakapita kushoto na kulia kwangu. Kuna waliojifanya hawanioni. Mnyapara wa watawa alikuwa ameegemea ukuta wa daraja, anatafuna tufaha, anaangalia miguu yangu. Thurstani alitaka kubaki na mimi, nikamsukuma. Nilimwambia binti haendi kwa mume bila mzazi hata mmoja, nenda, na unywe, na usiimbe.

Walikuwa wameshafika ng'ambo nilipomwona Emelota anarudi, anashikilia gauni lisiburute. Mumewe alimwita, hakugeuka. Alisimama upande wake wa jiwe na mimi upande wangu, karibu kiasi cha kunusa maua aliyotiwa kichwani.

"Mama, nataka kukuuliza kitu, na usiniambie nikachote maji."

"Uliza."

"Barazani ulisema ulijua. Ulijua kweli siku ile, au ulisema tu ili nipone mimi?"

Mnyapara aliacha kutafuna. Nilitaka kumwambia Emelota arudi kwa wageni wake. Nilitaka kumwambia kuwa yamepita. Miaka kumi na minane nimekuwa na kiherehere cha kutosema jambo hili, nikizunguka sanduku kama kuku aliyepotewa na yai, na sasa limekuja limesimama mbele yangu na gauni langu.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilikuwa na kisu mkononi na nikamwona baba yangu waziwazi, ameketi pale kwenye kigoda anatazama. Nilijua nakata nini. Nakata wewe na mimi na watakaozaliwa, wote."

"Halafu ukakata."

"Ulikuwa umeacha kulia, Emelota. Kutwa nzima ulikuwa unalia, halafu ukaacha."

Alinyoosha mkono juu ya jiwe akanishika shavu, mkono wake baridi. Tulikaa hivyo mpaka filimbi za ng'ambo zikaanza kumwita kwa kelele. Halafu akaenda, kwanza kwa kutembea, baadaye mbio, na mimi nikamwangalia mpaka alipoingia mlango wa kinu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye shamba la watawa, nimeshika reki, karibu na Ailwardi mtoto wa mfinyanzi.